Kwangua ukingoni

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia umeshaanza kazi ya maabara pale Msowero. Uliniambia kwenye simu kwamba watu wa mashamba ya mpunga wanakuja na vidole vya miguu vilivyochanika, watoto wa shule wana mapunye, na karibu wote huandikiwa dawa kwa kutazamwa tu. Hilo limenikaa moyoni.

Kipimo cha kwanza cha fangasi unakiweza hapo hapo. Futa ngozi kwa spiriti, iache ikauke, kisha kwangua ukingoni mwa duara la ugonjwa, penye magamba. Fangasi hutambaa kuelekea nje. Katikati kumeanza kupona, ukikwangua hapo utaambulia patupu. Kichwani usikate nywele. Ng'oa vile visiki vifupi vya nywele zilizokatika pamoja na mizizi yake, maana ugonjwa umo mle, na ndiyo sababu mapunye hutaka dawa ya kumeza: krimu haifiki. Weka kwenye slaidi, dondoshea KOH (potasiamu hidroksidi) ya asilimia 10 au 20, funika, subiri dakika 10 hadi 20. Kucha hutaka muda zaidi. Punguza mwanga wa hadubini, kisha tafuta nyuzi zenye matawi. Kuta za seli za ngozi huwadanganya sana wanaoanza: zenyewe hufuata umbo la seli, ilhali uzi wa fangasi hukatisha juu ya seli nyingi bila kujali mipaka.

Muulize kila mgonjwa amepaka nini. Krimu za steroidi za dukani hupunguza muwasho na kuharibu sura ya duara, huku fangasi akiendelea kuenea. Kuotesha kwenye agari ya Sabouraud waachie maabara kubwa, kwani fangasi wa ngozi huweza kuchukua hadi wiki 4. Wewe yafunge magamba kwenye karatasi kavu, uyatume.

Lakini fangasi anayeua ni mwingine. Mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake ziko chini ya 200, kichwa kinamuuma siku nyingi na malaria haionekani, mfikirie kriptokoka. Wino wa India kwenye maji ya uti wa mgongo humwonyesha, ila humkosa akiwa mchache. Kipimo cha antijeni humnasa kwa dakika 10, hata kabla kichwa hakijaanza kuuma. Utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka uliotolewa 2015 ulionyesha kwamba kupima antijeni hiyo, pamoja na kuwafuata wagonjwa nyumbani wanapoanza ARV, kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Mgonjwa wa namna hiyo asilale Msowero akisubiri. Apewe rufaa siku ile ile.

Zungumza na mganga mfawidhi wiki hii aagize KOH, tena muonyeshe slaidi yako ya kwanza yenye nyuzi ajionee mwenyewe.

Akupendaye,
Shangazi yako