Ukuta Kwanza, Mashine Baadaye

Kazi yangu ya mwanga ilianzia kanisani, hapa mtaani Lucky Summer, Nairobi, ambako vijana tulipewa jukumu la kurusha maneno ya nyimbo ukutani ili waumini waimbe bila kitabu. Projekta ilikaa pembeni na kuutazama ukuta kimshazari, kwa hiyo picha ilitanuka upande mmoja na kubanwa upande wa pili. Kila Jumapili niliivuta kwa vitufe mpaka pembe zake nne zikae sawa. Kwa wenzangu huo ulikuwa usumbufu wa kabla ya ibada. Mimi ulininogea. Kama picha huvutwa ikakaa sawa kwenye ukuta bapa, kwa nini isikae kwenye nguzo, mlango au ngazi?

Baadaye nilisoma kwamba jibu lilikwisha kupatikana zamani. Mwaka 1969, katika Haunted Mansion, jumba la mizuka la Disneyland, California, filamu za nyuso za waimbaji zilirushwa juu ya sanamu tano za vichwa, zikaonekana zinaimba. Siku hizi kompyuta ndiyo inayoikata na kuikunja picha ifuate umbo la kitu, na kazi yenyewe tunaiita mapingi.

Sikuwa na jengo wala mteja, nikaanza na maboksi ya dukani. Niliyapaka rangi nyeupe, nikayapanga mezani, na kila upande wa boksi nikaupa picha yake. Projekta niliazima ile ya kanisa katikati ya wiki. Programu za MapMap na Blender zote ni za bure: ya kwanza ya kuzipanga picha juu ya vitu, ya pili ya kutengeneza picha zenye kina. Maboksi yalinifundisha nidhamu ya fundi: ukishapanga, projekta haiguswi tena. Meza ikitikisika kidogo, mistari yote inahama.

Nilipotoka kwenye maboksi na kuhamia ukutani, nilikutana na hesabu ya mwanga, ambao kipimo chake ni lumeni. Projekta ya lumeni 3,000 ikirusha picha ya upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.5, kila mita ya mraba inapata lumeni 300. Irudishe nyuma mpaka upana ufike mita 8 na kimo mita 5, kila mita ya mraba inabaki na 75. Umbali umeongezeka mara mbili, mwanga umebaki robo. Tena maghorofa mengi ya mtaani kwetu ni ya mawe ya kukatwa kwa mashine, hayakupigwa plasta, na jiwe la kijivu hunywa mwanga kama mchanga unavyokunywa maji.

Lakini jiwe hilohilo lilinipa zawadi. Fundi mmoja wa ujenzi alinionyesha kwamba kozi moja, yaani mstari mmoja wa mawe, ni inchi 9, ukiongeza na saruji ya katikati. Hesabu kozi kutoka chini hadi juu, utajua kimo cha jengo bila ngazi wala tepu. Mistari ya saruji nayo ikawa ndiyo mistari ya mchoro wangu: nilipiga picha ya ukuta nikiwa mahali pa projekta, nikachora kila jiwe juu yake.

Jengo langu la kwanza lilikuwa na watu ndani. Nikiwa napanga vifaa, mama mmoja wa ghorofa ya pili akaniita kutoka dirishani.

“Kijana, hiyo taa itaniingilia ndani? Mtoto wangu hulala mapema.”

“Hapana, mama. Dirisha lako nimelikata kwenye picha, litabaki giza.”

“Basi panda uone mwenyewe.”

Nikapanda. Weusi wa projekta si giza kamili, na kwenye pazia lake palikuwa na mng'ao hafifu tu. Aliridhika, nikashuka. Jioni ile mawe yalionekana yakichomoka moja moja na kurudi mahali pake, na watoto wa ploti wakapiga kelele kila jiwe lilipotoka.

Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, na hiyo ni neema kwetu. Mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Kufikia saa moja na nusu giza limeingia, na watoto wanaweza kutazama kabla ya kulala. London mwezi wa Juni ungesubiri mpaka saa nne usiku ipite. Kinachotusumbua ni mulika mwizi, zile taa za mlingoti mrefu. Siombi zizimwe, kwa maana anayerudi kazini usiku anazihitaji. Natafuta ukuta uliozipa mgongo.

Vijana wanaotaka kuanza huniuliza wanunue mashine gani. Nawaambia waende ukutani mchana. Hesabu kozi, pima umbali, tazama rangi ya jiwe, jua taa ipi huwaka usiku na nani analala nyuma ya kila dirisha. Ukirudi na majibu hayo utajua unahitaji lumeni ngapi, na ukishuka kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, mjini, hutauziwa usichohitaji.