Riwaya ya mauaji Unguja iliyowasahau Waunguja

Mzazi unayepanga kuvuka na watoto kwenda Unguja likizo hii, usinunue Death in Zanzibar ukidhani itawaonyesha mji. Mimi niliinunua kwa ajili ya boti, na mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 14, akaimaliza kabla yangu.

Riwaya hiyo ya Mwingereza M. M. Kaye ilitoka kwanza mwaka 1959 kwa jina la The House of Shade. Binti aitwaye Dany anatoka London kwenda kwa baba yake wa kambo, mwandishi maarufu mwenye jumba linaloitwa Kivulimi. Wakili anauawa, pasipoti inaibwa, binti anapanda ndege kwa jina la mtu mwingine. Hapo inashika kweli. Wakishafika kisiwani, inalegea. Wageni wanakunywa, wanapendana, wanashukiana wao kwa wao, na Zanzibar inabaki pazia la nyuma: mwezi, bahari, karafuu. Wenyeji wengi wanapita tu pembeni.

"Mamdogo, kwani watu wa huku walikuwa wapi?" mtoto akaniuliza.

Swali zuri, maana hata kama upelelezi kitabu kinafeli hapo. Tembea kutoka Forodhani hadi sokoni Darajani. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejaa baraza za mawe nje ya nyumba. Watu wamekaa hapo, kahawa mkononi, bao katikati, na wanajua nani kapita, saa ngapi, na alibeba nini. Mpelelezi gani anawaacha mashahidi kama hao?

Muhammed Said Abdulla hakuwaacha. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda shindano la uandishi la 1957-58 na kuchapishwa 1960, ndicho kinachomleta Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko, na rafiki yake Najum. Sherlock Holmes anaonekana kwa mbali, sawa, ila masikio ni ya Kizanzibari. Na kuna jambo lililonifurahisha mimi ninayeandika habari za afya: kabla ya kuhariri magazeti, Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya. Kazi hiyo humwingiza mtu uani. Anachungulia kisima, anauliza nani analala wapi na nani anaumwa, na anazoea kwamba jibu la kwanza mara nyingi si lenyewe.

Kwa mtoto chini ya miaka 12 ningesubiri kidogo, kwa sababu ya maiti na kwa sababu ya Kiswahili chenyewe, ambacho kwa watoto wetu wa bara ni kigumu. Wa kwetu alikwama mara kadhaa, tukampelekea muuza kahawa kitabu. Akaeleza maneno yote bila kusita, kisha akasoma kurasa mbili amesimama na kututajia muuaji.

Alikosea.