Sita Gani?

Mama mmoja alitoka mwambani Jibondo, maji yalipoanza kujaa, akatua ndoo yake mchangani. Nikamuuliza amepata ngapi leo. "Sita," akasema. Nikaandika kilo 6, nikashukuru, nikapanda mashua kurudi kisiwa kikubwa cha Mafia.

Kumbe alimaanisha pweza sita. Kwenye mizani hawakufika hata kilo nne. Habari ilipotoka, wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa wakamuuliza: pesa za kilo mbili umezificha wapi?

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa najifunza Haskell, lugha ya kuandikia programu, ili nipange takwimu zangu mwenyewe. Niliandika x ^ 2 tu, yaani x kipeo cha pili. Jibu lilikuja sahihi, lakini kompaila ikanitolea onyo refu kuhusu hiyo 2. Nikakasirika. Jibu si lilelile?

Nikasoma vizuri. Katika Haskell, 2 ikiandikwa peke yake haina aina moja: inaweza kuwa namba nzima, inaweza kuwa ya desimali. Usipotaja aina, na pasipo kitu kingine cha kuiamua, kompaila inakuchagulia. Hujaribu kwanza Integer, namba nzima isiyo na kikomo. Ikikataa, hujaribu Double, ya desimali. Programu inaendelea kufanya kazi. Ukiwa umewasha maonyo, inakwambia tu: hapa nimekuamulia mimi.

Nikaikumbuka ile ndoo. Kiswahili nacho kina kompaila yake. Pweza wawili, vikapu viwili, machungwa mawili: namba inabeba alama ya kile inachohesabu. Mama yule angesema "watano," ningejua palepale ni pweza, maana kilo ni tano tu. Lakini sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Sita ni sita, iwe ya watu, ya vikapu au ya kilo. Hapo msikilizaji anajiamulia, na mimi nilijiamulia bila onyo lolote.

Gazeti lilisahihisha kwa mstari mmoja. Mimi nilirudi Jibondo kumwomba radhi, mbele ya wenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo.

"Mwanangu, wewe uliuliza ngapi. Si ungeuliza wangapi?"