Mjomba anataka nipigwe leza

Najua nimeadimika, lakini mnajua wenyewe wiki za test zilivyo, mtu unameza desa kuliko wali. Leo nimepata upenyo, na kuna swali nimeulizwa mno: eti ni kweli naenda nje kuondolewa miwani? Stori imeshafika mpaka Mabibo na kila aliyeipokea kaitia chumvi yake. Kuna dada kaniuliza kama nitawekewa macho ya plastiki. Jamani! Haya, hii hapa yenyewe.

Nina mjomba Muscat. Mwaka jana alifanyiwa LASIK hukohuko, akaivua miwani aliyoivaa miaka ishirini, na tangu siku hiyo ni kama kaokoka, kila anayempigia simu lazima ahubiriwe. Juzi katoa ofa: tiketi, pa kulala na upasuaji, vyote juu yake. Ila niende kabla mkataba wake wa kazi haujaisha mwakani, maana akisharudi nyumbani hela hiyo haitakuwepo tena. Kwa mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi anayesubiri bumu kama wengine, ofa ya namna hii haiji mara mbili. Mama yeye kasema macho hayachezewi. Bibi anadhani ni kitu kilekile na kutolewa mtoto wa jicho, na anamjua mtu ambaye... (kila bibi anamjua mtu).

Namba yangu ni -4.50 macho yote mawili. Maana yake bila miwani naona sawasawa mpaka sentimita 22 hivi, yaani rula haijaisha. Kutoka hapo dunia ni uji. Daladala nazitambua kwa mstari wa rangi ubavuni, maandishi nayasoma ikishanipita. Nikichelewa Yombo siku ya mvua, viti vya mbele vimejaa na vioo vimeingia ukungu, lekcha inakuwa ya redio. Kwa hiyo msidhani sikutamani. Usiku ule wa ofa nililala nawaza kuamka asubuhi na kuliona pangaboi bila kupapasa chini ya mto.

Basi nikaingia kusoma. Jicho lisiloona mbali mara nyingi limerefuka kidogo, mwanga unakutana kabla haujafika kwenye retina ndiyo maana picha inakuwa na ukungu. Kurefuka kule hakuna anayekupunguzia. Kinachochongwa ni konea, ile sehemu ya mbele inayong'aa kama kioo cha saa, ambayo ndiyo inayopinda sehemu kubwa ya mwanga. Inafanywa bapa kidogo katikati, picha inarudi nyuma mpaka kwenye retina. Kwenye LASIK wanakata kifuniko chembamba juu ya konea, wanakifunua kama ukurasa wa daftari, leza inachonga chini yake, kisha wanakirudisha. Kwenye PRK hakuna kifuniko, wanaondoa ule utando wa juu kabisa na kuchonga hapohapo, na unaugulia maumivu siku kadhaa kabla hujaanza kuona vizuri.

Leza yenyewe inaitwa eksima, ni mwanga wa urujuanimno wa nanomita 193. Mwaka 1981 mtafiti wa IBM huko Marekani, Rangaswamy Srinivasan, aliijaribu kwenye mabaki ya batamzinga wa sikukuu ya Shukrani, akakuta inakata safi bila kuunguza pembeni. Yaani macho ya mjomba yalianzia kwenye kiporo! Mwaka 1983 yeye na daktari wa macho Stephen Trokel wakaandika kwamba inaweza kuchonga konea, na mwaka 1995 Marekani ikaruhusu PRK itumike kwa wagonjwa.

Sasa tuje kwenye hesabu, watu wa sayansi mtanielewa haraka. Konea ya kawaida katikati ina unene kama nusu milimita, maikroni 540 hivi. Kila namba moja ya miwani inakula kati ya maikroni 12 na 15. Kwa -4.50 yangu ni kama 60, karibu unene wa unywele. Kifuniko nacho kina 100 na kitu, na chini yake madaktari wanataka zibaki zisizopungua 250. Kwa hiyo unene ninao. Nilishaanza kutabasamu.

Nikaenda kupima. Daktari, mama mmoja mpole sana, hakuniuliza habari ya unene wala ya Muscat. Aliuliza, "Namba yako imesimama, mwanangu?" Nikampa karatasi zangu zote, mimi huwa situpi karatasi. Mwaka juzi -3.25. Mwaka jana -3.75. Sasa -4.50. Akazipanga mezani tatu kwa mstari, akanitazama. Aisee hakuhitaji kusema kitu. Leza inarekebisha namba uliyonayo siku ile, haizuii jicho kuendelea kurefuka. Wanataka namba iwe imetulia angalau mwaka mzima, na umri uwe umefika 18 au zaidi. Mimi nina 20, umri upo, utulivu ndio haupo. Nikichongwa leo, baada ya miaka miwili naweza kurudi kwenye miwani nikiwa na konea iliyopungua.

Kijana ambaye namba inapanda haraka wanataka pia kuhakikisha konea haina ugonjwa wa kuchomoza kama koni, kwa sababu ukiikata konea ya namna hiyo inazidi kuharibika. Akanipiga picha ya ramani ya konea, rangi rangi kama utabiri wa hali ya hewa. Yangu salama, alhamdulillahi.

Wengine hubaki na macho makavu, na usiku taa zinakuwa na duara la mwanga kuzizunguka. Kwa wengi hali hiyo hupungua baada ya miezi, kwa wengine inabaki. Na ukifika miaka arobaini na kitu miwani ya kusomea itakufuata tu kama wenzako. Mjomba ana 44. Sikumwambia hilo, nimemwachia agundue mwenyewe.

Kazi ikawa kumpigia. Mtu amekupa zawadi ya ukubwa ule, unamwambiaje kwamba huji? Nilimsomea zile namba tatu. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akasema, "Sawa mpwa wangu, ila mwakani mimi sipo huku." Nikamjibu najua, mjomba. Imeniuma, siwadanganyi. Inawezekana namba ikisimama nikiwa na 23 au 24 pesa ya leza nisiione tena maishani.

Nikaona niombe kitu kingine palepale. Mdogo wangu yuko kidato cha pili na nimemkuta likizo anavaa miwani yangu ya zamani, ya -3.25, kaiokota kabatini, kwa kuwa ubaoni haoni na alikuwa anaona haya kumwambia baba. Mjomba kalipia vipimo na miwani yake. Imetoka -2.00, na jicho la kushoto lina mpindo wake, kwa hiyo ile yangu ilikuwa inamtesa tu. Kuna shangazi alishaanza kusema miwani italemaza macho ya mtoto. Hapana shangazi, jicho linarefuka lenyewe, uvae usivae. Kinachosaidia watoto ni kukaa nje mchana. Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza dakika 40 za nje kila siku ya shule, na matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu waliopata tatizo hili walikuwa asilimia 30, wakati shule nyingine ni karibu 40. Kwa hiyo dogo nimemwambia mpira acheze, ila miwani amwachie kipa.

Halafu ninyi wa hosteli! Yale macho mekundu ya Januari 2024 nilimwona mtu anajitia chai ya rangi, na mwingine anagawa dawa ya matone chumba kwa chumba. Baadhi ya hizo dawa zina steroidi, ukizitumia ovyo zinapandisha presha ya jicho na hiyo inaua mshipa wa kuonea kimyakimya. Muulizeni daktari kwanza. Na wenzangu wa namba kubwa, ukiona vimweko au kama pazia linashuka upande mmoja, usisubiri test iishe, nenda siku hiyohiyo, hiyo ni retina. Hata aliyepigwa leza bado yumo kwenye kundi hili, jicho lake lina urefu uleule.

Mimi narudi kupima mwakani mwezi huuhuu. Ngoja nikimbie, semina saa nane na viti vya mbele vinagombewa.