Peremende za Mama, Kakao ya Magendo

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Krismasi ya nyumbani kwetu Old Moshi ilianza kuandaliwa mwezi Septemba, na ilianza kwa kunyimwa. Kila sukari ya mgawo ilipofika kutoka duka la kijiji, Mama alipunguza vijiko kadhaa, akavimimina kwenye kopo la maziwa ya unga na kulifungia ndani ya sanduku la bati pamoja na vitenge vyake. Jioni tulikunywa chai isiyo na sukari. Baba hakunung'unika, maana alijua kopo lile ni la peremende, naye alizipenda kuliko sisi.

Kilichotuuma ni kwamba sukari yenyewe tulikuwa tunaiona. Ukisimama ukingoni mwa kihamba, siku isiyo na ukungu, ukatazama kusini ng'ambo ya mji wa Moshi, unayaona mashamba ya miwa ya TPC kule Arusha Chini. Wakati wa mavuno walipochoma miwa, moshi wake uliinuka juu ya tambarare mchana kutwa. Shamba lile lilianzishwa na Wadenmark miaka ya 1930, na kufikia wakati huo lilikuwa mali ya serikali, yaani yetu sote. Hata hivyo mlimani tulipanga foleni. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba hazina, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipotangaza msako wa wahujumu uchumi, Mama alilitoa kopo lake sandukuni usiku na kulipandisha darini jikoni, juu ya mahindi. Eti asije akaitwa mlanguzi kwa sukari ya pipi za watoto.

Peremende alijifunza shuleni, katika somo la sayansi kimu, kwa mwalimu Mwingereza aliyewafundisha pia kupiga pasi kola za mashati na kuoka keki ndani ya debe. Hazihitaji moto, na nadhani ndiyo sababu zilidumu. Zinataka sukari laini kama unga, ute wa yai na matone ya arki ya peremende. Sukari laini haikuwepo, kwa hiyo tulitwanga. Kinu kilisuguliwa kwa majivu, kikasuuzwa na kuanikwa siku nzima, kwa sababu ndicho kilichotwanga vitunguu saumu. Mtu alitwanga, mwingine akachekecha kwa kipande cha kitambaa cha pazia, na zile chenga zilizobaki juu zikarudi kinuni. Ukipumzika, Mama anauliza kutoka chumba cha pili, "Mbona sisikii mchi?"

Arki ilitoka mjini, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeuza pia dawa za kikohozi na kandili. Ilikuwa chupa ndogo kuliko kidole gumba, na ilitumika miaka kadhaa. Mama aliitoa kwa njiti ya kiberiti: anachovya, anadondosha, ananusa, anachovya tena. Halafu anakanda mpaka donge linaacha kunata, analisukuma kwa chupa ya soda, anakata vidonge kwa kifuniko na kuvibonyeza kwa uma ili vipate mistari. Kitabuni peremende hizi ni nyeupe. Zetu zilikuwa na rangi ya kaki, kwa sababu sukari yetu ilikuwa na rangi ya kaki. Zilianikwa juu ya sinia, zimefunikwa chandarua, na kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo la maji kuzuia sisimizi.

Kakao ni habari nyingine, na ilipita njia ya magendo. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Katikati hapo, shangazi yangu aliyeolewa Rombo alikuwa na jamaa upande wa pili, na jamaa hawaachi kutembeleana kwa sababu serikali zimenuniana. Sabuni, Blue Band na kopo moja la kakao vilivuka kwa miguu usiku, chini ya mikungu ya ndizi. Ukivuka mpaka na ndizi kuingia Uchagani, unaleta kitu kwa watu wasiokihitaji hata kidogo. Sijui kama askari waliwahi kujiuliza.

Kakao, sukari na Blue Band vilikorogwa juu ya moto mdogo mpaka vikang'aa, kisha kila peremende ikachovywa nusu. Nusu tu, kwa sababu kopo halikutosha kuzichovya nzima. Tukubaliane kwamba ile haikuwa chokoleti. Haikuwa na siagi ya kakao ya kutosha, basi haikuwa ngumu kamwe; ukiishika inabaki vidoleni. Lakini Desemba, ingawa kwa Moshi mjini ni joto, usiku wa Old Moshi unataka blanketi. Sinia lililala dirishani, asubuhi ile rojo ilikuwa imeshikana kiasi cha kubebeka. Tukirudi kutoka ibada, kila mtoto alipewa zake mkononi. Tuliweka moja ulimini, tukavuta pumzi kwa mdomo, kisha tukagombania kata ya maji. Baadaye nilisoma kwamba mentholi iliyomo kwenye peremende haipoozi chochote, inaamsha tu mishipa ileile ya fahamu inayohisi baridi. Sisi, ambao hatukuwahi kuona friji, tuliamini tumemeza barafu.

Kisha ukaja wakati wa Mzee Ruksa. Biashara ilikuwa imeanza kulegezwa mwaka 1984, na baada ya Rais Mwinyi, ndiye huyo Mzee Ruksa, kuingia madarakani mwaka uliofuata, maduka yakajaa vitu tulivyovisahau. Ndipo Baba mdogo, aliyekuwa masomoni Uingereza, aliporudi na boksi la kijani la After Eight, vile vipande vyembamba vya chokoleti vyenye peremende laini katikati ambavyo Waingereza wamekuwa wakila baada ya chakula cha usiku tangu 1962. Alilibeba kwa basi kutoka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 500, kupitia Chalinze, Mombo na Same, likiwa kwenye mfuko juu ya injini. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 34, chini kidogo ya joto la mwili. Ndiyo raha yake mdomoni, na ndiyo balaa yake safarini. Boksi lilipofunguliwa, bahasha zote ndogo za karatasi zilikuwa zimegandamana kuwa tofali moja. Mama alilitazama, akaenda kuleta kisu cha nyama. Alipoonja alitafuna polepole, akasema, "Kumbe yule mwalimu hakutudanganya." Kisha, baada ya kipande cha pili: "Lakini peremende yao ni kidogo."

Miaka ya tisini sina la kusimulia. Pipi zilinunuliwa kwa kilo pale Moshi mjini, sisi tukawa shuleni na kazini, na Mama akaacha kutengeneza. Sukari ilikuwepo. Wa kutwanga hakuwepo.

Nilirudia kazi hiyo mimi, tena kwa njia ya Marekani. Kwenye duka kubwa moja la Dar es Salaam nilikuta zile fimbo za pipi zenye mistari myekundu na myeupe. Zina historia ya kuchekesha: Bob McCormack alianza kuziuza Albany, Georgia, baada ya kufungua kiwanda chake mwaka 1919, na kwa miaka mingi zilipindwa kwa mkono, nyingi zikivunjika, mpaka shemeji yake, padri Mkatoliki aitwaye Gregory Keller, alipobuni mashine ya kuzipinda miaka ya 1950. Wamarekani huziponda na kuzinyunyiza juu ya chokoleti ya matabaka mawili, nyeusi chini na nyeupe juu, kisha wanavunja bamba zima vipandevipande. Kampuni ya Williams-Sonoma iliiuza kwa mara ya kwanza mwaka 1998, sasa kila nyumba ya huko inatengeneza.

Dar ya Desemba haitaki mambo hayo. Chokoleti halisi unaiyeyusha hadi nyuzi 45 hivi, unaipoza mpaka 28, unairudisha 31, ndipo igande ikiwa inang'aa na kukatika kwa sauti. Lakini jikoni kwangu hewa yenyewe ina nyuzi 31. Unasubiri ipoe mpaka lini? Na ile arki ya Mama haifai hapa: ina maji, na tone la maji likiingia, chokoleti hushikana ghafla na kuwa chengachenga. Inatakiwa mafuta yenyewe ya peremende. Pipi zilizopondwa nazo hunyonya unyevu wa bahari, jioni zinatoa machozi mekundu. Wengi Dar hutumia chokoleti ya kuigiza, ambayo siagi ya kakao imetolewa na mafuta ya kokwa za michikichi yakawekwa mahali pake. Inastahimili joto, na ina ladha ya mshumaa. Mimi siitaki.

Kwa hiyo kazi ilipanda mlima. Nafika Old Moshi tarehe 23 na chokoleti kwenye boksi la barafu, usiku tunayeyusha, na dirisha lilelile linafanya kazi ya friji. Watoto wa ndugu zangu wanaponda fimbo kwenye kinu. Wanafika tarehe 24 jioni, tarehe 27 wanaondoka, na simu ziko mkononi muda wote, kwa hiyo mchi hausikiki sana. Sukari leo ipo tele kuliko mikono.

Desemba 2024 bei ya kakao ilipita dola 12,000 kwa tani kule New York, baada ya mavuno mabaya ya Afrika Magharibi, na chokoleti dukani ikapanda kwa namna iliyonifanya nirudishe kipande kwenye rafu. Nchi yetu inalima kakao, Kyela na Kilombero, ila karibu yote inasafirishwa ikiwa mbegu kavu. Nilimweleza Mama kwamba safari hii haitatosha. Hakushangaa. "Chovya nusu," alisema, na akatuma mtoto dukani kuleta mayai.

Basi tukafanya zake. Zinazobaki sisi hatuziteremshi Dar, tunajua basi lile. Anaachiwa Mama, naye huwagawia watoto wa majirani wakija kusalimia mwaka mpya. Akiulizwa nani katengeneza, hata zile za matabaka mawili zenye pipi za Georgia, anajibu bila kupepesa macho kwamba ni yeye, alifundishwa shuleni.