Jioni Moja Katika Hekalu la Makindu

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa, akiisha kupita Emali na Kiboko, huufikia mji mdogo wa Makindu, zaidi kidogo ya kilomita 160 tangu alipoanza safari. Jina lake latokana na mikindu, miti ile ile ambayo akina mama wa Pwani husuka mikeka kwa ukindu wake. Kando ya barabara lipo hekalu la Makalasinga, na madereva wa malori walijua sana, maana mlango wake haufungwi kwa wasafiri na mtu wa dini yoyote hulishwa bure. Kila aliyepita hapo husifu chapati na dengu. Leo sitasimulia habari za chakula, bali za nyimbo.

Tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu mkubwa, tukienda Mombasa kusoma arobaini ya baba yetu. Marehemu alikuwa mpiga tari hodari katika maulidi na zikri. Kaka yangu ni mtu wa elimu, naye tangu ujanani alishika kauli ya kwamba ngoma haina nafasi katika ibada. Usiku wa zikri hakukanyaga nyumbani. Ubishi huo si mgeni kwetu. Hata Lamu, tangu siku za Habib Saleh, maulidi ya Msikiti wa Riyadha husomwa kwa matari, na wapo waliochukizwa nayo. Lakini ubishi wa wanavyuoni ni jambo moja, na ubishi wa baba na mwana katika nyumba moja ni jambo jingine.

Basi karibu na Makindu gari letu likachemka maji, ikatubidi kungoja. Tukaingia uani mwa hekalu kunawa. Mlinzi akatuonyesha mahali pa kuweka viatu, akanipa kitambaa cha kufunika kichwa. Kaka alikuwa na kofia yake. Tulipofika mlangoni, sauti ya kinanda ikatoka ndani, naye akasimama.

"Ingia wewe, mdogo wangu," akasema. "Masikio ya baba unayo wewe."

Akaketi barazani, nami nikaingia.

Niliketi chini juu ya busati pamoja na Wahindi, Wakamba wawili watatu, na utingo mmoja wa lori aliyekuwa akisinzia. Mbele yetu, chini ya pazia la juu, kiliwekwa kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib. Ubavuni pake waliketi waimbaji watatu. Wawili walikuwa na vinanda vya Kihindi, vile ambavyo mkono mmoja husukuma upepo na mwingine huchezea funguo. Wa tatu alipiga tabla, ngoma mbili ndogo, moja ya sauti kali na moja nzito. Nyimbo hizo huitwa kirtani.

Hakuna aliyesimama wala kuyumba, kama tufanyavyo sisi katika zikri. Walakini kiongozi aliimba ubeti, kisha akaurudia ule mstari wa kiitikio, wenzake wakampokea, akaurudia tena, na kila alipourudia ulionekana umeingia ndani zaidi. Hapo nilimkumbuka baba, jinsi alivyokuwa akifumba macho katika qasida. Lugha sikuifahamu hata neno moja, na machozi yalinitoka.

Mzee aliyeketi karibu nami aliniona. Akaniinamia, akasema kwa Kiswahili safi cha reli, "Huu ni wimbo wa Sheikh Farid. Alikuwa Mwislamu, kama wewe."

Nilidhani ananiliwaza. Kumbe ni kweli. Sheikh Farid alikuwa sufi wa Punjab, wa tarika ya Chishti, katika karne ya 13, na kaburi lake lipo Pakpattan, nchi ya Pakistani. Guru Arjan alipokusanya kitabu cha Makalasinga mwaka 1604, mashairi ya Farid yaliwekwa humo kwa jina lake, nayo yanasema habari za uzee na mauti. Tena Guru Nanak mwenyewe, mwanzilishi wa dini hiyo (1469 hadi 1539), alifuatana safarini na Mardana, Mwislamu aliyempigia rababu.

Nyimbo hizo zilikuja huku kwa reli. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Vibarua wa Kihindi wapatao 32,000 waliletwa, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Wengi walitoka Punjab, wa dini mbalimbali. Hekalu la Makindu lilijengwa mwaka 1926.

Nikatoka kumwambia kaka. Nilimkuta hayupo pale nilipomwacha. Alikuwa amesogea hadi karibu na dirisha.

"Wameliacha jina lake?" akauliza.

"Wameliacha."

Hakujibu. Tukasikiliza pamoja hadi mwisho, yeye nje ya dirisha, nami kando yake. Kisha tukala, tukashika njia.

Tulikuwa tumepita Mtito Andei, nami nilidhani amelala, aliponiuliza tari la baba liko wapi. Nikamwambia liko uvunguni mwa kitanda cha mama, na ngozi yake imelegea.

"Ngozi huangikwa karibu na moto," akasema. "Yeye ndivyo alivyokuwa akifanya."