Tembo Wasio na Wazee

Huku pwani ya Lindi, mwanamume akimpiga mkewe, au vijana wawili wakitoana damu kwa ajili ya msichana, hachelewi kutokea mtu wa kusema, "Dume ni dume." Wasemao hivyo si watu wabaya, baadhi yao ni wazee wa kanisa. Maana yao ni kwamba ndivyo Mungu alivyomuumba mwanamume, kama alivyomuumba jogoo na beberu. Sisi wachungaji tumelisikia neno hilo msibani, kwenye kahawa na katika vikao vya usuluhishi, na tumeona heri tusilipuuze. Kama shahidi anayeitwa ni mnyama, basi mnyama na asikilizwe.

Tuanze na walio karibu. Maji yakitoka Kilwa Kivinje, matope ya mikokoni hujaa kaa wadogo. Dume ana gando moja kubwa kupita kiasi, ambalo laweza kukaribia nusu ya uzito wa mwili wake. Jike ana mawili madogo na hulia yote mawili. Dume hulia moja tu, maana lile kubwa halimfikishii chakula kinywani. Kazi yake ni kumpungia jike na kumzuia dume mwingine. Wahenga walisema kaa akiinua gando mambo yamekatika, lakini ukichutama pale nusu saa utaona kwamba mara nyingi hukatika bila damu. Huinuliana magando, hupimana, husukumana mlangoni mwa shimo, kisha mmoja hugeuka akaenda zake. Tena aliyepoteza gando huota jingine, jepesi na dhaifu kuliko la kwanza ingawa kwa macho yanafanana, naye huendelea kutishia wenzake kwa hilo hilo. (Wanaume wenye magando ya namna hiyo tunawajua hata bila kushuka mikokoni.)

Tusiwafanye wanyama kuwa malaika. Simba dume akitwaa kundi jipya huua watoto wa yule aliyemfukuza, ili majike wawe tayari kuzaa naye mapema. Watafiti wa Serengeti wamelishuhudia jambo hilo. Anayetaka kumfanya mnyama awe mwalimu wa ndoa, aamue kwanza ni mnyama gani.

Ila kuna habari moja ya tembo ambayo tangu tuisome haijatutoka, nayo inatuhusu kwa kuwa nchi yetu hii ni nchi ya tembo. Kilwa Kivinje ilitajirika katika karne ya 19 kwa pembe, na kwa watumwa walioletwa kutoka bara. Pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, linafika hadi ndani ya wilaya za Kilwa na Liwale.

Tembo dume akiwa kijana huondoka katika kundi la mama yake, akaenda kukaa na madume wenzake. Akikua huingia mara kwa mara katika hali ya ukali: majimaji humtiririka kando ya macho, mkojo humdondoka, naye hutafuta majike na kupambana na yeyote. Joyce Poole na Cynthia Moss, waliowafuatilia tembo wa Amboseli nchini Kenya, waliieleza hali hiyo kwa tembo wa Afrika mwaka 1981. Lakini kijana hapewi nafasi ya kuiishi apendavyo. Akikutana na dume mkubwa aliye katika hali hiyo hiyo, ukali wake hushuka, na pengine hukoma kabisa.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Pilanesberg, Afrika Kusini. Tembo wachanga, yatima wa wazazi waliouawa ili kupunguza idadi yao katika hifadhi ya Kruger, walipelekwa huko wakakua bila wakubwa. Madume wakaingia katika ukali wakiwa bado wadogo sana, na ukawadumu muda mrefu usio wa kawaida. Kati ya mwaka 1992 na 1997 waliua vifaru zaidi ya 40. Mwaka 1998 yakaletwa madume sita makubwa kutoka Kruger. Vijana wakapoa, na vifaru wakaacha kuuawa. Hakuna aliyewafunga wala kuwakata pembe. Waliletewa wakubwa wao.

Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta takriban 13,000. Jangili hupenda pembe kubwa, na pembe kubwa huwa kwa dume mzee. Kwa hiyo anayeondolewa kwanza ni yule yule ambaye vijana walipaswa kumkuta njiani.

Hapo ndipo neno la "dume ni dume" linapotuchoma. Tuliposoma Mwanzo chuoni, tulikaa muda mrefu kwa Kaini. Mungu hakumwambia kwamba hasira yake si kitu, wala kwamba ndivyo alivyoumbwa basi yaishe. Alimwonya kwamba dhambi imelala mlangoni, na kwamba yampasa aitawale. Yaani kulikuwa na mmoja mkubwa kuliko Kaini aliyesimama mbele yake kabla ya kosa, akasema naye. Mzee anayesema "dume ni dume" ameiacha kazi hiyo. Yuko barazani, ndevu nyeupe zipo, lakini kwa kijana ni kama hayupo. Eli naye alikuwepo Shilo wakati wanawe wanawaonea watu. Aliwakemea kwa maneno, hakuwazuia.

Zamani huku kusini wavulana walikabidhiwa kwa wakubwa kumbini, wakati wa jando. Wamisionari wa Kianglikana upande wa Masasi, wakiongozwa na Vincent Lucas ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa huko, hawakulipiga marufuku; walilipa jando sura ya Kikristo. Hatulisifu bila mipaka, kwa kuwa kumbini pia wengine walifundishwa kumdharau mwanamke. Lakini mtu mzima alikaa na mvulana, akamwambia jambo. Siku hizi wengi hutahiriwa hospitali, na jando linapofanyika hubanwa ndani ya likizo ya shule. Nasi wa Kilutheri kipaimara chetu kinafundisha Katekisimu Ndogo vizuri, ila amri ya sita mara nyingi tunaipita mbio, wasichana na wavulana wakicheka.

Mwaka jana kijana mmoja wa usharika alimvunja mkewe mkono. Mke alikwenda kwenye dawati la jinsia la polisi, nasi tulimuunga mkono. Wajomba wa mume walikasirika. Tukaenda kwa babu yake, Mwislamu, kama walivyo jamaa za washarika wetu wengi. Alitusikiliza hadi mwisho.

"Mchungaji," alisema, "huyu nilimfundisha kutega dema. Hili la mke sikumfundisha."

"Nani alimfundisha, babu?"

Hakujibu. Kesho yake alifunga safari ya daladala hadi kwa mjukuu wake, na tangu hapo huwa anakwenda, anakaa naye hata siku tatu. Wanatengeneza nyavu. Wanayozungumza hatujaambiwa. Mke bado yuko kwa wazazi wake, mkono umeunga, na wazee wa kanisa walipotaka tumsihi arudi, tulikataa.